Mbuzi Waliosimama Juani

Droni ilikuwa juu yao tangu Mutomo.

Kasiva aliiona kwenye kioo cha pembeni, nukta nyeusi iliyokataa kubanduka, ikiifuata Probox yake kwenye barabara ya vumbi ya kwenda Ikutha. Chini ya nukta hiyo zilikuja pikipiki mbili za Boxer, kila moja na watu wawili, na wale wa nyuma hawakuwa wamebeba mkaa.

Risasi ya kwanza ilipasua taa ya nyuma.

"Najma, lala chini."

"Nimelala toka Kitui," Najma alijibu kutoka kiti cha nyuma, sanduku la kamera kifuani. "Wewe endesha gari."

Kasiva Nthiwa alikuwa na miaka thelathini na minne, kumi kati yake akiwa jasusi wa Idara. Hakupenda kufukuzwa. Alitazama saa yake ya Casio, akahesabu dakika tangu ile droni itokee, kisha akakanyaga mafuta.

Mbele barabara ilipinda na kushuka kwenye mkondo mkavu. Alipofika chini alivuta breki ya mkono. Probox ikageuka ubavu, ikaziba njia.

Boxer ya kwanza haikuwa na pa kwenda.

Iligonga mlango wa mbele. Dereva wake aliruka juu ya boneti, akaangukia shingo, hakusogea tena. Mwenzake alikuwa bado anatafuta bunduki yake vumbini Kasiva alipomtia risasi mbili za kifua. Glock 19 haina maneno mengi.

Boxer ya pili ilijaribu kugeuza. Risasi moja ikampata dereva sikioni. Yule wa nne alizunguka gari kwa nyuma, panga mkononi, akafungua mlango wa Najma.

Lilikuwa kosa. Najma alimpiga kwa stendi ya kamera, ile ya chuma yenye miguu mitatu, katikati ya uso, na pua ikatoa sauti ya kuvunjika. Kasiva akammaliza kutoka upande wa pili.

Radiata ilikuwa ikichuruzika.

Ile nukta ilining'inia kidogo, kana kwamba aliyeiongoza anahesabu maiti, kisha ikageuka ghafla na kukimbilia kusini, upande wa mto Tiva.

"Imekaa juu dakika kumi na moja tu," Kasiva alisema.

"Haiwezekani. Hiyo mashini inafaa kukaa juu nusu saa." Najma alikuwa akifuta damu kwenye stendi ya kamera kwa ncha ya mtandio wake. Kichwa kilikuwa kazini. "Hao wanaacha betri kwa gari, Kasiva. Na jua hii. Inapanda juu kama imeshachemka."

Kasiva alikariri jambo hilo moyoni. Mtu asiyejua jua la Ukambani ni mtu anayeweza kupigwa.

Simu ilitetemeka.

"Mtama umekauka," sauti ilisema. Ilikuwa ya Mzee Ndeti, mkuu wake, mtu ambaye hajawahi kuonekana akicheka.

"Na ndege ni wengi," Kasiva alijibu.

"Shehena inaondoka saa nane mchana. Kilo mia nne za baruti na viwashio vyake, kwa lori la mkaa. Wanunuzi wanasubiri ng'ambo ya Athi, upande wa Makueni. Zikivuka mto, tumezipoteza."

"Wako wapi?"

"Boma moja kati ya matatu, karibu na Tiva. Zaidi ya hapo sijui. Kikosi kitafika saa tisa."

"Na Muindi?"

"Shehena kwanza. Ukiingia boma ambalo hayumo, watasikia, watamuua na kuhama. Una nafasi moja."

Simu ikakatika.

Muindi Kyule alikuwa amejipenyeza kwa wale wasafirishaji miezi minne, kama dereva wa lori. Jana asubuhi mtu alimtambua. Aliyempendekeza kwa kazi ile alikuwa Kasiva mwenyewe, na jana jioni Kasiva aliketi Mbumbuni, jikoni kwa Mutindi, mke wa Muindi, akaacha chai ipoe. Alisema kitu ambacho jasusi haruhusiwi kusema. Alisema, "Nitamrudisha mimi mwenyewe."

Mutindi hakulia. Aliendelea kuchambua pojo. "Haya, mwana wa mwaitu," alisema, kama anavyoitwa ndugu wa mama mmoja. "Nimekusikia."

Maneno hayo yalimwandama Kasiva kuliko vumbi lote la Mutomo.

*

Asubuhi hiyohiyo, saa mbili, walikuwa wamegombana dukani kwa Najma mjini Kitui. Duka hilo hupiga picha za harusi na maombi ya mazishi, na Idara hulilipa kwa mambo mengine. Juu ya kaunta zilikaa droni mbili.

Ya kwanza ilikuwa na kamera ya joto, ile inayomwona mtu gizani kama kaa la moto. Bei yake ingenunua ng'ombe wa kijiji kizima.

Ya pili ilikuwa Mavic 3 Pro ya Najma mwenyewe, bawa moja limekwaruzwa na mti wa harusi ya Mwingi.

"Nachukua ya joto," Kasiva alisema. "Namtafuta mtu aliyefichwa."

"Utapaa saa ngapi?"

"Saa sita."

Najma alicheka hadi akashika kaunta. "Dadangu. Saa sita kule Ikutha, jiwe liko na joto kushinda mtu. Mchanga, bati, mbuzi, wewe, wote mnakuwa rangi moja kwa hiyo kioo. Hiyo ni kamera ya usiku na ya alfajiri. Mchana unanunua uji kwa bei ya nyama."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo unataka jicho la kawaida, lakini linaloona mbali." Alifungua ile Mavic, akaonyesha lenzi tatu. "Hii ndogo inavuta mara saba. Nakaa mbali, hawasikii mlio. Navalisha lenzi kioo cheusi, jua isichome picha. Nabeba betri tatu, na hizo betri nazilaza baridi kama maiti."

"Unabeba? Nani amekualika?"

"Sasa wewe ndio utarusha? Ile siku ya harusi ya binamu yako uliitia kwenye sufuria ya pilau."

Jambo lile lilikuwa kweli, na bwana harusi hajasahau.

*

Saa sita kasorobo walikuwa chini ya ukingo wa Tiva, mahali ambapo mto ni mchanga mtupu na maji yako chini yake. Kasiva alichimba kwa mikono hadi mchanga ukawa mweusi na wa baridi. Nyanyake aliweka kibuyu cha maziwa hivyo, na maziwa hayakuharibika. Betri tatu zikafungwa kwenye mfuko wa plastiki na kuzikwa palepale.

Kipimajoto cha Najma kilisema digrii thelathini na tisa. Kivulini.

Zilipopoa alifukua moja, akarusha kutoka juu ya mkeka, si kwenye ardhi inayochoma, akainua droni moja kwa moja bila kuichelewesha chini. Kisha akajifunika shuka yeye na rimoti ili aone kioo.

Boma la kwanza: mama mmoja anaanika mtama karibu na trekta, mbuzi wamelala chini ya migunga.

Boma la pili: hakuna mtu. Mbuzi wamelala chini ya ghala.

Boma la tatu lilikuwa na ua wa miiba, nyumba ya bati, lori chini ya turubai na Land Cruiser nyeupe. Watu wawili mlangoni. Mbuzi kama ishirini.

"Yote yanafanana," Najma alisema. "Hii ya tatu wako na lori, lakini hata ile ya kwanza ina trekta. Lori la mkaa huku si habari."

"Rudi. Nionyeshe mbuzi."

"Mbuzi?"

"Vuta karibu."

Picha ikajaa. Mbuzi ishirini wamesimama katikati ya jua la saa sita, vichwa chini, kila mmoja akijaribu kuficha pua kwenye kivuli cha mwenzake. Hatua kumi kutoka kwao ulisimama mkwaju mkubwa, mpana, wenye kivuli cha kutosha kanisa zima. Chini ya mkwaju hapakuwa na mbuzi hata mmoja.

Kasiva alisogeza uso karibu na kioo.

Alichunga mbuzi hadi darasa la nane. Hakuna mtoto wa Kikamba, hata yule mvivu kuliko wote, anayeacha mbuzi juani saa sita kivuli kikiwepo. Atapigwa na baba, na mama, kisha na jirani. Hawa walikuwa mbuzi wa kununuliwa sokoni ili boma lionekane boma. Na mtu alikuwa amepanga matawi ya miiba kuzunguka mkwaju, mbuzi wasiingie.

"Kivuli hicho wanakihifadhia nini?" Kasiva aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo. Viwashio havipendi jua.

Najma aliishusha droni kidogo, akainamisha kamera, akachungulia chini ya majani. Masanduku ya kijani yaliyopangwa. Mtu mwenye bunduki juu ya kreti. Na kwenye shina, miguu miwili bila viatu, imefungwa kamba.

Mguu mmoja ulisogea.

"Yuko hai," Najma alinong'ona.

Kasiva alifumba macho mara moja. Shukrani ilimjaa hadi ikauma. Kisha akafumbua na kukagua Glock.

*

Alivuka uwanda ule wazi kwa tumbo, saa sita na nusu, saa ambayo hata nyoka yuko ndani. Mawe yalimchoma viwiko. Kwenye sikio alikuwa na kidude kidogo cha redio, na ndani yake Najma, ambaye alishaweka betri ya pili.

"Droni yao imepaa. Wameirusha kutoka kwa boneti ya Land Cruiser."

Kasiva aliganda. Mlio ulipita juu yake, ukarudi, ukasimama.

Chini ya hema karibu na nyumba, kijana mmoja aitwaye Kiema alikuwa akiitazama dunia kwenye kioo cha kamera ya joto, ya bei ghali. Dunia yote ilikuwa nyeupe. Nyuma yake alisimama mgeni aliyejiita Brandt, mrefu, shingo nyekundu, mtu aliyeuza baruti katika nchi tano na kudhani ya sita ni ileile.

"Unaona nini?" Brandt aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu.

"Boss, kila kitu ni moto. Siwezi tofautisha."

"Hiyo kamera ni bora kuliko zote."

"Ni sawa, boss, lakini sasa imeandika betri imechemka. Inashuka yenyewe. Nimeikataza, haisikii."

Mlio ulibadilika, ukawa mnyonge. Droni ilijishusha kwa ukaidi na kutua katikati ya ua wa miiba, mabawa yakajikata vipandevipande.

"Sasa," Najma alisema sikioni. "Wote wanaangalia uani. Mmoja mkwajuni, wawili mlangoni, mgeni na kijana hemani. Betri yangu, asilimia arobaini."

Kasiva alifika kwenye matawi ya miiba. Hakuwarukia watu. Alishika tawi kubwa, akalivuta, kisha la pili.

Mbuzi waliona kabla ya binadamu yeyote.

Ishirini kwa mpigo, wenye kiu, waliopikwa tangu asubuhi, waliingia kivulini kama mafuriko. Walipanda masanduku. Walimpindua mlinzi na kreti yake. "Aka, toeni hizi mbuzi," alipiga kelele, na hayo ndiyo yakawa ya mwisho, kwa sababu Kasiva aliingia pamoja na mbuzi, akamshika nywele na kupitisha kisu shingoni. Damu iliruka juu ya mbuzi mweupe, ambaye hakujali. Alikuwa amepata kivuli.

Wale wawili wa mlangoni waliinua AK-47.

"Msipige." Ilikuwa sauti ya Brandt, na kwa mara ya kwanza ilikuwa na woga. "Viwashio. Msipige huko."

Wakasita. Kasiva hakusita. Yeye alikuwa akipiga kutoka kivulini kwenda nje. Wa kwanza alipigwa gotini, kisha mdomoni. Wa pili alitupa bunduki na kuchomoa panga, akaja mbio akipiga mayowe. Risasi ya tumbo haikumsimamisha. Panga lilipita kwenye bega la Kasiva na kufungua nyama hadi mfupa. Wakaanguka pamoja kati ya kwato. Kasiva alimuuma kidole, akampiga kichwa kwenye kona ya sanduku mara moja, mbili, tatu, hadi kikawa hakina ubishi.

Lori liliguruma.

"Kijana anataka kuondoka na lori," Najma alisema. "Nusu ya mzigo iko ndani. Asilimia kumi na nane."

Kasiva alipiga magurudumu ya mbele, moja, mawili. Lori likainama. Kiema alitoka na mikono juu, akalala kifudifudi bila kuambiwa, akaanza kusali kwa Kikamba.

"Tupa bunduki."

Kasiva aligeuka. Brandt alikuwa amezunguka hadi nyuma ya shina la mkwaju, bastola imechimbiwa kwenye sikio la Muindi. Uso wa Muindi ulikuwa umevimba hadi jicho moja halikuonekana. Mkono wa kushoto ulifungwa tambara lililokauka damu, na vidole viwili havikuwepo.

"Naondoka na Land Cruiser," Brandt alisema. "Yeye anakuja na mimi. Wewe baki na sanduku zako."

Shehena kwanza, Mzee Ndeti alikuwa amesema. Shehena ilikuwa hapo, lori likiwa na magurudumu mabovu. Kazi ilikuwa imekwisha. Mwache aende, na ripoti itaandikwa vizuri.

Kasiva alimwona Mutindi akichambua pojo.

"Kasiva," Muindi alisema kwa midomo iliyopasuka. "Mpige tu. Usiniangalie."

"Nyamaza wewe."

Aliiachia Glock, ikaanguka vumbini. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba anaongea na mbuzi: "Najma, umebakisha ngapi?"

"Asilimia sita. Kasiva, hii ndiyo mashini yangu ya kazi. Niko na harusi Jumamosi."

"Najua."

Sikioni Kasiva alisikia pumzi ndefu. "Bismillahi," Najma alisema.

Brandt alimvuta Muindi nje ya kivuli kuelekea garini. Alisikia mlio akiwa amechelewa. Aliinua uso kutazama, na jua la saa saba likampiga machoni, na kutoka ndani ya jua hilo ikashuka kilo moja ya plastiki kwa kasi yote iliyobaki. Ilimpata usoni. Mabawa yalikata shavu na jicho. Bastola ililia, risasi ikaenda mbinguni.

Muindi alijitupa chini kwa uzito wake wote. Kasiva alikuwa tayari anakimbia. Aliokota Glock bila kusimama.

Brandt alipiga magoti, mikono usoni, damu ikipita kati ya vidole. "Ngoja," alisema. "Tunaweza kuongea." Mkono mmoja ulikuwa ukishuka kwenye kifundo cha mguu, palipokuwa na bastola ndogo.

Kasiva alimpiga mara mbili.

*

Alimkata Muindi kamba, na kwa kamba hiyohiyo akamfunga Kiema mikono. Alimpa maji kidogokidogo, kwa kifuniko cha chupa, kama anavyopewa mgonjwa. Muindi alikunywa, akatapika, akanywa tena.

"Ulijuaje ni hapa?"

"Mbuzi."

Muindi aliwatazama. Wote ishirini walikuwa wamelala juu ya baruti na kati ya maiti, wakicheua. Alitaka kucheka, mbavu zikamkataza. "Niliwaambia," alisema. "Siku ya kwanza. Nikawaambia, hamisheni masanduku, mbuzi wapate kivuli, mtu wa hapa atashangaa. Yule mgeni akaniuliza mimi ni dereva ama ni mchungaji."

Najma alifika akihema, mkeka kichwani. Alimpita Brandt, akachutama, akaokota kilichobaki cha Mavic: bawa moja, na lenzi ndogo ile ya kuvuta mbali, nzima. Aliipangusa kwa mtandio.

"Idara italipa," Kasiva alisema.

"Idara italipa," Najma alirudia, kwa sauti ya mtu anayeijua Idara.

Simu ilitetemeka. Mzee Ndeti.

"Shehena?"

"Iko kivulini. Wape kikosi ujumbe waje na mtu anayejua kuhamisha mbuzi pole pole."

"Hasara?"

"Kwetu, droni moja."

"Nilikwambia shehena kwanza."

"Nilikusikia, mzee," Kasiva alisema, akakata.

Bega lilianza kuuma kweli sasa. Alilifunga kwa kitambaa cha Najma, akalivuta fundo kwa meno, kisha akabonyeza nambari nyingine. Huko Mbumbuni simu ililia mara moja tu. Mtu alikuwa ameishika mkononi.

"Mutindi. Niko naye."

Kasiva alisikia kuku, na mlango ukifungwa, na mwanamke akipumua kwa shida. Alipoongea hatimaye, sauti ilikuwa imenyooka kama ya kila siku.

"Amekula?"

Kasiva alimtazama Muindi, jicho moja, vidole vitatu, akiegemea mkwaju huku mbuzi mmoja akimnusa goti.

"Bado," alisema. "Pika."

Akatia simu mfukoni, akamsaidia Najma kumwinua Muindi, na kwa mkono wake mzima akafungua ua wa boma, mbuzi watoke wakitaka. Kisha akatangulia mbele yao juani, kuelekea kwenye Probox yenye taa moja.